Mzee Tenryu na hadithi ya mwisho ulingoni

Wapo wasomaji ambao, wakiona tu neno mieleka katika ukurasa huu wa familia, watatuuliza: je, hayo si mambo ya uongo? Si wale wanaume wenye miili mikubwa na chupi za rangi, wanaobwagana kwa kishindo huku mshindi akiwa amekwisha kukubaliwa hata kabla kengele haijagongwa? Swali hilo ni la haki, wala hatutalikwepa. Ni kweli kwamba katika mieleka ya kulipwa, ile inayoonyeshwa kwa viingilio katika kumbi za Marekani, Mexico na Japani, matokeo hupangwa. Atakayeshinda anajulikana, na atakayeshindwa amekwisha kuridhia.

Lakini hebu tujiulize na swali la pili. Bibi anapowakusanya wajukuu jioni na kuwaanzia habari za sungura na fisi, yuko mtoto anayesimama kumwambia kwamba sungura hasemi? Hayupo. Watoto wale wanajua kwamba sungura hasemi, tena wengi wao wanaujua hata mwisho wa hadithi yenyewe, maana wamekwisha kuisikia mara kumi. Wanachokifuata kwa bibi ni namna anavyoisimulia: wapi anashusha sauti, wapi ananyamaza, wapi anawaacha na hofu mpaka mdogo kuliko wote anamsogelea na kumshika kanga. Hadithi hiyo hiyo akipewa mtu asiyejua kusimulia, watoto watasinzia kabla fisi hajafika kisimani.

Mieleka ya kulipwa ni usimulizi wa namna hiyo, ila msimulizi hatumii mdomo. Hutumia mgongo, kifua, magoti na uso wake. Na iko tofauti nyingine kubwa: maumivu yenyewe hayaigizwi yote. Watu wawili wanaweza kupatana juu ya mshindi, lakini hawawezi kupatana na sakafu ili isiwe ngumu, wala na ngozi ya kifua ili isivilie damu inapopigwa na kiganja cha mtu mwenye uzito wa kilo mia moja na zaidi.

Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za msimulizi mmoja wa aina hiyo, Mjapani aitwaye Genichiro Tenryu, ambaye aliifanya kazi hii kwa miaka 39, kuanzia mwaka 1976 hadi 2015, na alipotoka ulingoni kwa mara ya mwisho alikuwa na umri wa miaka 65. Habari zake zinatuhusu hata sisi tusiopenda mieleka, kwa sababu zinagusa jambo ambalo kila mfanyakazi na kila mzazi atakutana nalo siku moja: namna ya kuzeeka kazini, na namna ya kumwachia nafasi anayekuja nyuma.

KIJANA WA SUMO

Tenryu alizaliwa tarehe 2 Februari, 1950, katika mji wa Katsuyama, mkoani Fukui. Mwaka 1963, akiwa na miaka 13 tu, aliaga nyumbani akaenda Tokyo kujiunga na kambi ya sumo iitwayo Nishonoseki. Sumo ni mieleka ya jadi ya Wajapani. Wanaume wawili huingia katika duara lililozungushiwa kamba nene ya majani ya mpunga. Anayesukumwa nje ya duara, au anayegusa ardhi kwa kiungo chochote isipokuwa nyayo zake, ameshindwa. Mara nyingi mambo hayo humalizika kwa muda mfupi kuliko wa kumimina chai kikombeni.

Huko ndiko alikopata jina la Tenryu, ambalo maana yake ni joka la mbinguni. Alipanda ngazi pole pole mpaka akafika daraja la juu la sumo. Lakini mzee wa kambi yake alipofariki mwaka 1975 ukazuka ugomvi juu ya nani arithi, na Tenryu akajikuta katikati ya ugomvi usiokuwa wake. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 26, aliiacha sumo.

Njia aliyoifuata ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mtu mwingine wa kambi hiyo hiyo. Rikidozan, anayeitwa baba wa mieleka ya kulipwa ya Japani, naye alikuwa mwanasumo wa Nishonoseki kabla ya kuacha mwaka 1950. Ni yeye aliyewafanya Wajapani, mwaka 1954, wasongamane kwa maelfu barabarani mbele ya televisheni zilizowekwa hadharani ili wamwone akipambana na wageni kutoka ng'ambo, miaka michache tu baada ya nchi yao kushindwa vita. Rikidozan alifariki Desemba 1963, mwaka ule ule ambao mtoto Tenryu aliingia kambini. Aliacha wanafunzi wawili mashuhuri: Giant Baba, mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, na Antonio Inoki. Huyu Inoki ndiye yule aliyepambana na Muhammad Ali mjini Tokyo tarehe 26 Juni, 1976, chini ya miaka miwili baada ya Ali kumwangusha George Foreman mjini Kinshasa. Baba na Inoki walitengana, na mwaka 1972 kila mmoja akaanzisha kampuni yake ya mieleka.

Tenryu alichukuliwa na Baba, akapelekwa kwanza Amarillo, katika jimbo la Texas, kufundishwa na ndugu wawili, Dory na Terry Funk. Pambano lake la kwanza lilikuwa huko huko Marekani, mwezi Novemba 1976. Miaka yake ya mwanzo haikumpa sifa. Alikuwa na nguvu, lakini alikuwa hajajua kusimulia.

Tatizo lake si gumu kulielewa. Katika sumo, mtu akigusa chini habari imekwisha. Katika mieleka ya kulipwa, habari huanza pale mtu anapogusa chini: ataamkaje, atamtazamaje aliyemwangusha, atachelewa kwa muda gani, na je, atapiga magoti kwanza au atashika kamba? Mtu aliyefundishwa kwa miaka 13 kwamba kuanguka ni aibu ya mwisho alipaswa kujifunza upya kwamba kuanguka ni sehemu ya kusema. Hakulisahau kabisa somo la kwanza, na hapo ndipo palipotokea utamu wake baadaye.

NAMNA ALIVYOSIMULIA

Anayetazama mikanda ya mapambano yake, ambayo ipo mpaka leo, asitarajie kumwona akiruka hewani kama samaki. Tenryu alikuwa mtu wa mapigo machache. Pigo lake la kwanza lilikuwa la ubao wa kiganja kifuani mwa mpinzani, likitoa mlio unaosikika mpaka viti vya nyuma kabisa. La pili lilikuwa konde. Na hapa msomaji aangalie vizuri, kwani kwa sheria za mieleka kupiga konde ni kosa; kiganja kinaruhusiwa, ngumi hairuhusiwi. Kwa hiyo kila Tenryu alipokunja vidole alikuwa akiwaambia watazamaji, bila kusema neno, kwamba subira yake imekwisha. Watazamaji walijifunza kuutazama mkono wake kama watoto wanavyoutazama mkono wa baba aliyekasirika.

Alikuwa na teke la kisogo, alilolirusha ghafla mpinzani akiwa amegeuka. Na silaha yake ya mwisho ilikuwa ile inayoitwa pawabomu: humwinamisha mpinzani, humbana kichwa katikati ya mapaja, humkumbatia kiunoni, humwinua hadi miguu ielekee dari, kisha humbwaga kwa mgongo na kumkandamiza mabega yote mawili chini mpaka mwamuzi apige sakafu mara tatu. Ni kazi inayotaka mgongo na miguu kweli kweli.

Lakini usimulizi wake haswa ulikuwa katika namna alivyokataa kuanguka. Wengine wakipigwa hujirusha mara moja kama gunia lililotupwa kutoka kwenye lori. Tenryu alipigwa la kwanza akasimama. La pili, akarudi hatua moja. La tatu, goti likapinda likanyooka tena. Ndipo la nne likamshusha, na hata hapo alishuka kama mti mkubwa unaokatwa, ambao kwanza hulia, halafu huinama, halafu ndipo huanguka. Mtazamaji alihesabu naye, na alipofika chini ukumbi mzima ulikuwa umeshusha pumzi pamoja naye.

Tena hakuwa mtu wa adabu ulingoni. Alimpiga mpinzani teke la uso akiwa amekaa chini. Alirusha chupa za maji, viti na hata meza. Sauti yake ilikuwa imekwaruza hata wenyeji wenzake walipata shida kumwelewa, na katika uzee wake televisheni za Japani zilimwita mara kwa mara ili watu wacheke kidogo kwa ajili hiyo. Lakini ukorofi huo ulikuwa na maana. Kadiri alivyozeeka ndivyo vijana walivyoingia ulingoni wakiwa wamejaa heshima kwake, na yeye aliikataa heshima ya mvi. Aliwachokoza kwa makusudi mpaka wampige kweli, kwa sababu kijana anayempiga mzee kwa huruma hana hadithi ya kusimulia, na mzee mwenyewe anageuka kuwa sanamu.

TSURUTA NA MIJI MIDOGO

Hadithi iliyompa jina ilianza mwaka 1987. Nyota wa kampuni ya Baba wakati huo alikuwa Jumbo Tsuruta, aliyeiwakilisha Japani katika mieleka ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Tsuruta alikuwa na kila kitu: urefu, pumzi, wepesi, kipaji. Walichomlaumu watu ni kwamba alikuwa navyo vingi mno, na kwa hiyo mara nyingi hakulazimika kujituma. Tenryu alikuwa mwenzake, wakipambana bega kwa bega katika mapambano ya wawili wawili. Mwaka huo Tenryu alivunja urafiki huo, akaungana na Ashura Hara, na akatangaza kwamba atampiga Tsuruta mpaka Tsuruta akasirike.

Jambo la pekee katika uamuzi huo lilikuwa mahali alipoutekeleza. Kampuni za mieleka za Japani huzunguka nchi nzima, leo mji huu, kesho mji ule, na ilikuwa desturi kwa wakubwa kujipunguzia kazi katika miji midogo na kuziweka nguvu zao kwa ajili ya Tokyo na televisheni. Tenryu na Hara walikataa desturi hiyo. Walipiga na kupigwa katika kumbi za michezo za mikoani, kusikokuwa na kamera, kama walivyopiga na kupigwa katika mji mkuu. Hoja yao haikuhitaji elimu kubwa. Mtu aliyeuza mpunga wake ili anunue tiketi katika mji mdogo ametoa fedha ile ile halali, na huenda hatapata nafasi nyingine ya kuona mieleka kwa mwaka mzima.

Msomaji anayefanya kazi ya mikono anaijua hoja hiyo bila kuelezwa. Yuko fundi anayeshona kwa uangalifu nguo ya harusi ya mkubwa na kuilipua sare ya mtoto wa jirani. Yuko pia fundi ambaye mshono wake ni mmoja tu. Tofauti yao huonekana siku nyingi baadaye, wakati ambapo hakuna tena anayewatazama.

Na Tsuruta alikasirika. Tarehe 20 Aprili, 1989, mjini Osaka, Tsuruta alimwinua Tenryu kwa pawabomu, silaha ya Tenryu mwenyewe, na kumbwaga vibaya hata pambano likaishia hapo. Tarehe 5 Juni mwaka huo huo walirudiana katika ukumbi wa Budokan mjini Tokyo, wakigombea mikanda mitatu ya ubingwa iliyounganishwa kuwa mmoja. Kila aliyeingia ukumbini alikuwa anakumbuka Osaka, na Tenryu alilijua hilo. Kila Tsuruta alipomshika kiunoni, watu walipiga kelele kabla hajainuliwa. Hofu ile haikuwa ya kuigiza, maana wote walijua kilichotokea mwezi mmoja na nusu kabla. Mwisho wake Tenryu ndiye aliyemwinua Tsuruta kwa pawabomu na kumbana chini kwa hesabu ya tatu. Kijana aliyeacha sumo katikati ya ugomvi wa watu wengine alikuwa bingwa akiwa na miaka 39.

WAZEE WALIOKUBALI KUANGUKA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi wa safu hii, ndilo kiini cha habari nzima. Tumesema mwanzo kwamba katika mieleka ya kulipwa mshindi hukubaliwa kabla. Wengi huona kwamba hilo linapunguza thamani ya ushindi. Hebu tulitazame kwa upande wa pili: linaongeza thamani ya kushindwa. Mtu anayeshindwa katika ngumi ameshindwa tu, hakuwa na hiari. Mtu anayebanwa mabega chini katika mieleka hii ametoa kitu. Amekubali mbele ya maelfu ya watu kwamba mwingine aonekane mkubwa kuliko yeye.

Tarehe 29 Novemba, 1989, mjini Sapporo, katika pambano la wawili wawili, Tenryu alimwinua Giant Baba kwa pawabomu na kumbana. Baba alikuwa na miaka 51. Alikuwa mwalimu wake, mwajiri wake, na mwenye kampuni. Hakuna aliyeweza kumlazimisha Baba alale chini kwa ajili ya mfanyakazi wake. Alilala kwa sababu aliona kwamba wakati umefika wa kumpa.

Tarehe 4 Januari, 1994, katika uwanja uliofunikwa wa Tokyo Dome, ikawa zamu ya Antonio Inoki, mwenye miaka 50. Inoki alimpiga Tenryu kabari mpaka Tenryu akalegea kama aliyekufa, na watu wakadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Tenryu aliamka, wakaendelea kukandikana, na hatimaye Inoki naye alibwagwa kwa pawabomu na mwamuzi akahesabu tatu. Kwa ushindi huo Tenryu alipata sifa anayotajwa nayo mpaka leo: Mjapani pekee aliyewabana wote wawili, Baba na Inoki, wale wanafunzi wa Rikidozan.

Sifa hiyo ni kubwa, lakini ni deni vile vile. Mtu aliyepewa na wazee wawili wa namna hiyo hawezi kufa nacho mfukoni alichopewa. Itampasa siku moja akitoe.

KUONDOKA NA KURUDI

Katikati ya matukio hayo mawili Tenryu alifanya jambo lililowaudhi wengi. Mwaka 1990 alimwacha Baba na kwenda katika kampuni mpya iliyofadhiliwa na matajiri wa maduka ya miwani. Walisema amenunuliwa. Kampuni hiyo haikudumu, ikavunjika mwaka 1992, na Tenryu akaanzisha yake ndogo iliyoitwa WAR, akajua taabu za kutafuta mishahara ya wenzake. Nyuma yake, kule kwa Baba, Tsuruta alimwangukia kijana Mitsuharu Misawa mwezi Juni 1990, na kizazi kipya kikainuka bila Tenryu kuwapo.

Baba alifariki mwezi Januari 1999. Katikati ya mwaka 2000 Misawa aliondoka na karibu wachezaji wote wa kampuni ya marehemu na kuanzisha ya kwao. Walibaki wawili tu wenyeji mashuhuri, Toshiaki Kawada na Masanobu Fuchi. Nyumba ya Baba ilikuwa imebaki kuta. Hapo ndipo Tenryu, aliyekuwa ameondoka kwa maneno miaka kumi kabla, alipobisha hodi na kurudi. Tarehe 28 Oktoba, 2000, akiwa na miaka 50, alipambana na Kawada kule kule Budokan, akautwaa tena ubingwa ule wa mikanda mitatu uliokuwa hauna mwenyewe.

Waswahili husema ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Katika habari hii zizi nalo lilikuwa limevunjika. Tenryu na Kawada walipigana siku ile kama watu wawili wanaogombana usiku ndani ya nyumba ya marehemu, na kila kiganja kilichotua kifuani kilikuwa kinauliza swali moja: ulikuwa wapi? Hakuna aliyelitamka. Halikuhitaji kutamkwa, kwa kuwa kila mtu ukumbini alijua nani aliondoka na nani alibaki. Ndiyo maana tunasema kwamba msimulizi hodari hutumia hata yale ambayo msikilizaji amekwisha kuyajua.

HADITHI YA MWISHO

Mwezi Februari 2015 Tenryu alitangaza kwamba atastaafu kabla ya mwaka kwisha. Alikuwa na miaka 65, na mgongo wake ulikuwa umekwisha kufanyiwa upasuaji. Lakini sababu kubwa aliyoitoa haikuwa mgongo wake. Ilikuwa afya ya mkewe, aliyekuwa akiugua. Mama huyo alikuwa amesimama nyuma yake kwa miaka mingi, pamoja na shughuli za kampuni zake. Katika ile kampuni ndogo ya mwisho, iliyoanzishwa mwaka 2010, hata binti yao alishika uendeshaji. Tenryu alisema kwamba sasa ni zamu yake yeye kumtunza mkewe.

Pambano la kuaga lilifanyika tarehe 15 Novemba, 2015, katika ukumbi wa Ryogoku, ambao ndio makao ya sumo mjini Tokyo. Ukumbi wa sasa ulifunguliwa mwaka 1985, miaka tisa baada ya yeye kuacha sumo, lakini kila Mjapani alielewa maana ya mtoto wa Nishonoseki kumalizia kazi chini ya paa lile.

Mzee angeweza kuchagua mpinzani mwenye umri kama wake, wakaoneshana vifua, wakakumbatiana, watu wakalia kidogo na kwenda nyumbani. Wengi hustaafu hivyo. Yeye alimchagua Kazuchika Okada, kijana wa miaka 28, aliyeingia katika kazi hii akiwa na miaka 16, na ambaye siku hiyo alikuwa ndiye bingwa wa kampuni aliyoianzisha Inoki. Alichagua bora aliyekuwapo.

Yaliyotokea yalikuwa magumu kutazama. Okada, mrefu, mwepesi, akiwa katika ukamilifu wa nguvu zake, aliruka na kumpiga mzee kwa nyayo zote mbili. Tenryu alijibu kwa kiganja na konde, lile lile la siku zote. Lakini miguu haikuwa ile ya Budokan. Alipoanguka hakuanguka tena kama mti mkubwa. Alianguka kama mzee, na kuamka kwake kulichukua muda mrefu, akishika kamba moja baada ya nyingine. Hakuna aliyejua ni wapi maigizo yalikwisha na ni wapi mwili ulianza kusema kweli yake wenyewe. Yeye hakuuficha udhaifu ule. Aliuweka katikati ya ulingo ili wote wauone.

Kisha akamwinamisha Okada, akambana kichwa, akamkumbatia kiunoni, kama alivyomfanya Baba na kama alivyomfanya Inoki. Watu walisimama. Akajaribu kumwinua, na mgongo ule haukukubali kama zamani. Lugha yetu ina neno zuri kwa malipo anayopewa mfanyakazi wakati wa kustaafu: kiinua mgongo. Sijui kama lipo neno jingine linalofaa zaidi kwa dakika ile, ambapo mtu aliyewainua wote alitafuta mgongo wake akaukosa, na maelfu ya watu wakajaribu kuuinua kwa sauti zao.

Okada hakumhurumia, na hiyo ndiyo heshima aliyompa. Alimvuta mkono akamkaribisha kwenye pigo lake la mwisho, mkono ulionyooka uliompata mzee kifuani na shingoni, akambana, na mwamuzi akahesabu tatu. Halafu kijana yule, ambaye watu wengi walimdhania kuwa na majivuno, alisimama mbele ya mzee aliyelala, akainamisha kichwa na mgongo kwa adabu kubwa ya Kijapani, akaondoka bila kujitapa. Kengele iligongwa mara kumi, kama ilivyo desturi ya kumwaga anayestaafu. Gazeti la michezo la Tokyo Sports, ambalo kila mwaka hutoa tuzo za mieleka, lililitangaza pambano hilo kuwa bora kuliko yote ya mwaka 2015, ingawa mmoja wa wapambanaji alikuwa na miaka 65 na alishindwa.

TUNAJIFUNZA NINI

Tunajua kwamba wasomaji wengi hawataona ulingo wa mieleka maishani mwao, wala hatuwashauri vijana wajaribu pawabomu uani. Mchezo huu umewalemaza watu, na wengine umewaua. Misawa mwenyewe, yule tuliyemtaja, alifariki mwaka 2009 baada ya kubwagwa ulingoni mjini Hiroshima.

Lakini katika kila karakana, kila ofisi na kila nyumba yuko mzee anayekaribia kengele zake kumi. Wapo wazee ambao hushika funguo mpaka zinyang'anywe mikononi mwao, wakiwaficha vijana siri ya kazi kwa kuogopa kuonekana wamepungua. Wapo pia vijana wanaomwonea mzee huruma, wakimnyang'anya nyundo kwa upole huku wakimwita baba, na huruma hiyo humuumiza kuliko tusi. Njia ya Tenryu ni ngumu kuliko hizo mbili. Mzee hufanya kazi kwa nguvu zote alizobaki nazo, huzionyesha zilivyo, humtafuta kijana aliye bora kuliko wote, humpa nafasi ya kumshinda mbele za watu, kisha huenda nyumbani anakohitajiwa.

Baba alimpa, Inoki alimpa, naye akampa Okada. Wale wanaosema kwamba mchezo huo ni uongo kwa sababu mshindi hupangwa, tunawaomba wafikiri tena juu ya walioshindwa. Hao walipanga pia, na kilichowagharimu kilikuwa cha kweli.